Bei ya Mteja wa Zamani

Mteja alipopiga simu na kusema anataka kuondoka, kidirisha kidogo kilifunguka pembeni mwa skrini ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na namba moja tu: punguzo la juu kabisa ambalo mhudumu aliruhusiwa kumpa mtu huyo bila kumwomba msimamizi. Kwa mmoja ilikuwa pauni 20, kwa mwingine 60, kwa mwingine ilipita 100. Mhudumu alifundishwa aanze chini, apande polepole, na asimame mara tu mteja atakaposema sawa.

Mwandishi wa makala haya aliifanya kazi hiyo jioni na Jumamosi, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, miaka aliyokuwa mwanafunzi kutoka Mombasa anayejitafutia ada. Kitengo chake kilihudumia watu wa aina moja: wenye magari waliopata barua ya kuhuisha bima, wakaiona bei imepanda, wakashika simu. Haukupita muda akatambua kwamba punguzo halikuhusiana kabisa na uendeshaji wa mtu. Aliyeendesha miaka mingi bila hata kukwaruza kioo alipewa, na aliyegonga lango la jirani mwaka uliopita naye alipewa, ilimradi wote wawili wamepiga simu. Asiyepiga hakupata kitu. Na wasiopiga ndio waliokuwa wengi, kwa sababu barua yenyewe iliwaambia kwamba hawana haja ya kufanya lolote: fedha zingekatwa kwenye kadi, na bima ingeendelea.

Jioni moja alimpokea bibi mmoja aliyetaka kujua kama kampuni ina chochote kwa mtu aliyekaa nayo tangu marehemu mumewe yu hai. Hakuwa na hasira, wala hakutishia kuhama. Aliuliza tu. Kidirisha kilionyesha zaidi ya pauni 90, na mhudumu, kinyume cha mafunzo, akampa zote kwa mara moja. Bibi alishukuru kana kwamba amepewa zawadi. Lakini zile zilikuwa fedha zake mwenyewe. Zilikuwa zimeongezwa juu ya bei yake kimyakimya, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na sasa zinarudishwa kama hisani.

Uzoefu huo ndio alioingia nao Leicester mwishoni mwa 2019, nyumbani kwa mjomba wake. Leicester ni mji ambao Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni sana. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu yao walihamia huko, wakaungana na wengine waliotoka Kenya na Tanzania, na hadi leo mtu anaweza kusikia wazee wakiulizana hali kwa Kiswahili kwenye maduka ya Belgrave Road. Mjomba alifika baadaye sana. Alikuwa dereva wa malori ya bandari ya Kilindini, akamalizia maisha ya kazi kwenye ghala la bidhaa Uingereza, na sasa alikuwa mstaafu mwenye Toyota ndogo aliyoitunza kuliko viti vya sebuleni.

Barua ilikuwa mezani, chini ya funguo za gari.

"Mjomba, mwaka jana ulilipa ngapi?"

"Hiyo hapo, imeandikwa. Siku hizi wanaandika."

"Na mwaka juzi? Na wakati ulipoanza?"

"Mwanangu, bima ni kama kodi. Unalipa, unapita zako. Mimi sitaki polisi anisimamishe Narborough Road nianze kujieleza."

Hofu hiyo ina msingi. Uingereza ililazimisha bima ya magari tangu sheria ya barabara ya 1930, na tangu 2011 gari lililosajiliwa lazima liwe na bima hata kama limeegeshwa tu nyumbani, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba haliko barabarani. Polisi hawana haja ya kuuliza karatasi. Kamera inasoma namba, na hifadhidata inajibu kama gari lina bima au halina. Ukikamatwa unaendesha bila bima, kuna faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Kwa hiyo kampuni inapomwambia mtu kwamba bima yake itajihuisha yenyewe, mwenye gari huona nafuu, maana pengo la siku moja tu linaweza kumharibia. Utaratibu uliowekwa kumkinga ndio huohuo uliomfunga.

Mjomba hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alitoa faili la buluu lenye barua zote tangu 2014, na mpwa wake akazipanga mezani kwa mfuatano. Mwaka wa kwanza bei ilikuwa pauni 290. Uliofuata, 318. Kisha 352, kisha 401, kisha 432. Hii ya 2019 ilisema 468. Hakuna ajali hata moja kati ya barua ya kwanza na ya mwisho. Gari lilikuwa lilelile, limezeeka na thamani yake imeshuka. Mtaa ulikuwa uleule, na maili za mwaka zilikuwa zimepungua, kwa kuwa mstaafu haendi kazini.

Kisha mpwa akafungua kompyuta, akaingia kwenye tovuti ya kampuni ileile, akajaza habari za mjomba neno kwa neno kana kwamba ni mteja mpya. Jibu likaja: pauni 312.

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hao ni wale wale?"

"Wale wale, mjomba."

Ni lazima kuwa mwadilifu hapa, maana si kila senti iliyoongezeka ilikuwa dhuluma. Kodi ya serikali juu ya ada za bima ilikuwa asilimia 6 Mjomba alipoanza, na kufikia Juni 2017 ilikuwa imepandishwa mpaka 12. Mwaka huohuo serikali ilibadilisha kanuni ya kukokotoa fidia za watu waliojeruhiwa vibaya, ile inayokadiria fedha ya mkupuo itazaa kiasi gani miaka ijayo. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 2.5 hadi chini ya sifuri, na fidia za majeruhi wa maisha zikapanda kwa kishindo. Magari mapya yana vitambuzi kwenye bampa na kamera kwenye kioo, na kugongwa kidogo tu kunaleta bili kubwa. Mambo hayo yote humfikia kila mwenye gari.

Lakini yanamfikia mteja mpya vilevile. Ile bei ya pauni 312 ilikuwa na kodi ileile ya asilimia 12 ndani yake, fidia zilezile, mafundi walewale. Tofauti ya pauni 156 haikuweza kuelezwa na kodi wala na bampa. Kilichobaki ni jambo moja tu: mzee huyu alikuwa amekaa, na kampuni ilijua kwamba atakaa.

Watu wengi hudhani bei ya bima ni hesabu ya hatari peke yake: umri, mtaa, aina ya gari, ajali za nyuma, mahali linapolala usiku. Wakati huo hiyo ilikuwa nusu tu ya hesabu. Kampuni ilikokotoa kwanza gharama iliyotarajia kuingia kwa ajili yako, halafu ikaja hesabu ya pili, isiyoonekana kwenye barua: huyu mtu tukimwongezea bei, kuna uwezekano gani wa kuondoka? Aliyenunua kwa intaneti kila mwaka akilinganisha bei huku na huku, hesabu ilimpa alama ya mtu asiyeshikika. Aliyelipa kwa kukatwa kwenye kadi, hajawahi kupiga simu, na yuko mwaka wa tano, ilimpa alama nyingine. Wataalamu wa bei walilitengenezea jambo hili mifumo ya kompyuta, na mifumo hiyo ilifanya kazi vizuri mno.

Chanzo chake ni ushindani wenyewe. Mwaka 2002 ilizaliwa Confused.com, tovuti ya kwanza Uingereza ya kulinganisha bei za bima ya magari, na nyingine zikafuata. Mtu anajaza fomu moja, anapata orodha ndefu kuanzia bei ya chini kabisa. Mtu huyo hatazami mwaka wa pili wala wa tatu. Anatazama mstari wa kwanza. Ili kuwa juu ya orodha, kampuni zikaanza kuuza mwaka wa kwanza kwa hasara, kisha kuliziba pengo hilo kwa fedha za waliobaki. Mteja mpya alikuwa akilipiwa sehemu ya bima yake na mstaafu wa Leicester.

Hapo ndipo Mjomba alipoumia zaidi, na si kwa sababu ya fedha pekee. Alikulia karibu na Marikiti, soko la Mombasa, ambako mtu akinunua iliki na mdalasini kwa muuzaji mmoja miaka na miaka, siku moja hupunguziwa bila kuomba, na huongezwa kidogo juu ya mizani. Muuzaji wa Marikiti anajua kwamba mteja wake akikosana naye, hatua mbili tu atakuwa kwa jirani, na kila mtu ataona. Kampuni ya bima nayo inaishi kwa wateja wanaorudi. Lakini yenyewe ilikuwa imeshapima, kwa hesabu, kwamba mteja huyu hatakwenda kwa jirani, basi hapakuwa na haja ya kumwongezea chochote kwenye mizani. Mzee aliyepigania bei ya samaki maisha yake yote hakuwahi hata mara moja kupigania bei ya bima, kwa sababu ilikuja katika bahasha yenye sura ya serikali.

Siku ya pili alipiga simu mwenyewe. Mpwa alimpa maneno machache tu: asigombe, ataje ile bei ya mteja mpya, aulize kwa nini yake ni tofauti, halafu anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mhudumu wa upande wa pili, ambaye bila shaka naye alikuwa na kidirisha chake, alianza na pauni 430. Mjomba akanyamaza. Ikawa 380. Akanyamaza. Mwishowe ikawa 315, na mzee akakubali kubaki, maana hakutaka kuanza karatasi upya. Kabla ya kukata simu aliuliza, kwa adabu kabisa, "Kama bei hii ilikuwepo, kwa nini hamkuniandikia?" Mhudumu alisema ataufikisha ujumbe huo.

Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi kitu. Kilichothibitisha ni kazi iliyokuwa imeanza kufanywa London mwaka mmoja kabla.

Septemba 2018, shirika la ushauri kwa raia la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani, likisema wateja wanaobaki wanatozwa zaidi ya pauni bilioni 4 kwa mwaka katika masoko matano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba. Shirika liliita jambo hilo adhabu ya uaminifu. Mamlaka inayosimamia mienendo ya sekta ya fedha, FCA, nayo ikaichunguza bima ya magari na ya nyumba. Ripoti yake ya awali ya Oktoba 2019 ilikadiria kwamba wateja milioni 6 walitozwa bei za juu mwaka 2018, na kwamba kama wangelipa wastani unaolingana na hatari yao halisi, wangeokoa pauni bilioni 1.2. Mmoja kati ya watatu wa waliolipa bei hizo za juu alikuwa na angalau dalili moja ya udhaifu, kwa mfano uelewa mdogo wa mambo ya fedha. Ripoti ya mwisho ya Septemba 2020 ikatoa mfano ulio wazi: kwa bima ya gari, mteja mpya alilipa wastani wa pauni 285, na aliyekaa zaidi ya miaka mitano alilipa 370. Kwenye bima ya nyumba pengo lilikuwa baya zaidi, kutoka 130 hadi 238.

Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu njia ya upole. FCA ilifanya majaribio kwa wateja zaidi ya laki tatu, ikaona kwamba kuandika tu bei ya mwaka jana kando ya bei mpya kunawafanya watu wengi zaidi wahame au wapige simu, ongezeko la kati ya asilimia 11 na 18. Ndiyo maana tangu Aprili 2017 barua zote zililazimika kuonyesha bei ya mwaka uliotangulia. Hiyo ndiyo "siku hizi wanaandika" ya Mjomba. Ilisaidia. Lakini ona jinsi ilivyomwacha yeye mwenyewe: bei ya mwaka jana aliiona imeandikwa, 2017 na 2018, na bado akalipa. Taarifa humfaa mtu mwenye muda, lugha na ujasiri wa kuzitumia. Mfanyakazi wa zamu za usiku hospitalini, mama anayesomewa barua na mtoto wa darasa la saba, mzee anayeamini kwamba kampuni kubwa haiwezi kumdanganya: hao huiona namba na kupita.

Mwandishi anaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo serikali inapopaswa kuingia, na ndivyo ilivyokuwa. Mei 2021 FCA ilitoa kanuni za mwisho, na tarehe 1 Januari 2022 zikaanza kutumika: kwa bima ya gari, pikipiki na nyumba, bei ya kuhuisha isizidi ile ambayo kampuni ingemtoza mteja mpya mwenye sifa zilezile, aliyeingia kwa mlango uleule. Kampuni zililazimishwa pia kuwapa watu njia rahisi za kusimamisha kujihuisha kwa bima. Mamlaka ilikadiria kwamba wateja wangeokoa pauni bilioni 4.2 katika miaka kumi. Ireland ilifuata Julai mwaka huohuo kwa kanuni yake, nyepesi kidogo: mteja mpya anaweza bado kupewa punguzo la mwaka wa kwanza, lakini baada ya hapo kupandishwa hatua kwa hatua ni marufuku. Nchini Marekani, Maryland ilikuwa imeshapiga marufuku tangu 2014 tabia ya kupanga bei kwa kukisia ni nani atakayevumilia nyongeza.

Kuna maneno matatu katika kanuni ya Uingereza ambayo mwenye gari anapaswa kuyasoma polepole: "kwa mlango uleule". Aliyenunua kwa simu hulinganishwa na mteja mpya wa simu, na aliyenunua kupitia tovuti ya kulinganisha bei hulinganishwa na wa tovuti hiyo. Bei za milango hiyo hazilingani. Tena kanuni haisemi kwamba kampuni yako ndiyo nafuu kuliko nyingine. Inasema tu kwamba haikutozi wewe zaidi kwa sababu umebaki. Jirani yake anaweza kuwa nafuu zaidi, na ni lazima uende ukamwulize.

Halafu ukaja mwaka 2023, na bei zikapaa kwa wote. Takwimu za chama cha kampuni za bima, ABI, zilionyesha wastani wa ada ya bima ya gari ukipanda kutoka pauni 434 mwaka 2022 hadi 543, na robo ya mwisho ya 2023 ilifika 627. Vipuri vilikuwa ghali, magari ya mitumba yalikuwa ghali, mafundi walikuwa wachache. Mitaani watu wakaanza kusema kwamba ni ile kanuni iliyoharibu mambo, kwamba zamani ukihama ulikuwa unapata bei ya bure. Ni kweli kwamba zile bei tamu za mwaka wa kwanza zilipungua. Ilibidi zipungue, kwa sababu aliyekuwa akizilipia alikuwa ameondolewa mzigo. Barua ya Mjomba ya mwaka huo ilipanda sana, na mpwa wake akarudia jaribio lilelile: tovuti ileile, habari zilezile, kana kwamba ni mteja mpya. Safari hii bei mbili zilikaribiana mno. Mzee alilipa akiwa amekasirika, lakini alikasirika pamoja na mji mzima.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kanuni haikuligusa. Machi 2022 Citizens Advice ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika maeneo ambayo zaidi ya nusu ya wakazi si wazungu, watu walitozwa angalau pauni 280 zaidi kwa mwaka kwa bima ya gari. Kampuni zilijibu kwamba hazitumii asili ya mtu kupanga bei. Pengine hazitumii. Zinatumia msimbo wa mtaa, na mtaa unajua wakazi wake. Kwa Waswahili wa Leicester na wa mashariki ya London hili si jambo la kusoma kwenye ripoti tu.

Mwandishi alipowasimulia habari hizi jamaa zake wa Dar es Salaam, shangazi yake wa Tabata alicheka akasema huku kwetu bei ni moja kwa wote. Ana haki kiasi. Nchini Tanzania bima ndogo, ile ya lazima kwa ajili ya watu wengine, imekuwa ikilipiwa shilingi 118,000 kwa gari dogo la binafsi pamoja na VAT, uwe mteja wa jana au wa miaka kumi. Kwa bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, mamlaka ya bima, TIRA, imeweka kiwango cha chini cha asilimia 3.5 ya thamani ya gari la binafsi. Kampuni haiwezi kumwuzia mgeni chini ya hapo ili ije ikamkamue mwenyeji.

Basi mpwa akamwomba shangazi amtumie picha ya ujumbe wa mwisho wa wakala wake. Ulikuwa wa WhatsApp, na ulikuwa mfupi: "Shikamoo mama. Bima inaisha Ijumaa. Nihuishe kama mwaka jana?" Na shangazi alikuwa amejibu: "Marahaba. Sawa mwanangu, fanya."

Kama mwaka jana. Toyota IST yake ilikatiwa bima kubwa mara ya kwanza kwa thamani ya milioni 15, na kila mwaka wakala amekuwa akirudia milioni 15. Asilimia 3.5 yake ni shilingi 525,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Lakini gari limetembea, limechakaa, na fundi anayelijua anakadiria kwamba sokoni halizidi milioni 11. Kwa thamani hiyo angelipa 454,300. Anapoteza shilingi 165,200 kila anapojibu "fanya". Na siku ambayo gari litaibwa au kuungua, kampuni haitamlipa milioni 15. Bima ni ya kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si ya kumtajirisha, kwa hiyo mthamini atatazama bei ya soko ya siku ile, na shangazi atapewa hiyo.

Kinyume chake pia hutokea. Shilingi ikishuka na magari ya kuagizwa yakipanda bei, gari la zamani linaweza kuwa na thamani kubwa kuliko iliyoandikwa, na hapo mwenye gari aliyekadiria chini anaweza kulipwa sehemu tu ya hasara yake. Kinachotakiwa ni thamani ya kweli, inayoangaliwa kila mwaka kabla ya kulipa. Wakala hana sababu kubwa ya kukumbusha, kwa kuwa kamisheni yake inatokana na ada. Ada ikishuka, na yake inashuka. Mwandishi hamlaumu kijana yule wa WhatsApp, ambaye anamjali mteja wake kwa namna yake na hajawahi kumwacha bima iishe. Ila swali lake lilipaswa kuwa jingine: mama, gari sasa lina thamani gani?

Shangazi aliliuliza mwenyewe. Alipeleka gari kwa mthamini, akarudi na karatasi ya milioni 11 na laki mbili, akamwandikia wakala ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kumwandikia. Kijana alijibu kwa heshima na kurekebisha siku hiyohiyo.

Huko Leicester, Mjomba sasa huletewa barua na wazee wenzake baada ya swala ya Ijumaa. Huwauliza mambo matatu. Je, habari zilizoandikwa bado ni za kweli, hasa maili na kazi? Mstaafu aliyeandikwa bado ni dereva wa teksi analipa hatari asiyokuwa nayo. Je, barua imefika mapema kiasi cha kupata wiki tatu za kutafuta bei kwingine? Anayetafuta siku ya mwisho hutozwa zaidi, kwa kuwa kompyuta humwona kama mtu asiye na mpango. Na la tatu, analipa kwa mkupuo au kwa mwezi?

Hili la tatu ndilo linalomsumbua siku hizi. Mzee mmoja kutoka Lamu hulipa kwa mwezi, kwa sababu pensheni yake haimruhusu kutoa mamia ya pauni kwa siku moja. Alidhani anagawiwa tu deni lake katika vipande 12. Kumbe ni mkopo, wenye riba, na riba imeandikwa kwenye ukurasa wa nne. Kufikia 2024, zaidi ya watu milioni 20 nchini Uingereza walilipia bima zao kwa njia hiyo, mara nyingi kwa riba ya kati ya asilimia 20 na 30 kwa mwaka. Oktoba 2024 FCA ilianzisha uchunguzi wa soko hilo pia. Mjomba alimwonyesha mzee wa Lamu ule ukurasa, wakapiga hesabu pamoja nyuma ya bahasha, kisha wakapiga simu kuuliza ni kampuni zipi zinazogawa malipo bila riba. Zipo, na mzee alihamia mojawapo kabla mwezi haujaisha.